Krasha, chaki na kipande cha waya: tuongee kuhusu swichi za usalama kwenye mashine zetu Arusha na Moshi

Fundi wa Kwa Mrombo

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, nipo Arusha. Kazi zangu nyingi ni Unga Ltd, Themi na Njiro, mara mojamoja nashuka Moshi. Wiki iliyopita nimekutana na kitu ambacho hakijanitoka kichwani, ndiyo maana naandika.

Niliitwa kwenye karakana moja wanayosaga plastiki chakavu: madumu, ndoo, kreti za soda zilizovunjika. Walinipigia kwamba ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) ya krasha, yaani hiyo mashine ya kusagia, inakata kila baada ya nusu saa. Ovalodi yenyewe ilikuwa nzima, visu ndivyo vilikuwa butu na mota inabebeshwa mzigo. Lakini nilipofungua paneli nikaona kipande cha waya wa njano, urefu wa kidole, kimeunganisha terminali namba 7 na namba 8. Waya nyingine zote mle ndani ni nyeusi na nyekundu, zimevishwa namba vizuri kabisa. Ule wa njano hauna namba. Nikaangalia mchoro uliobandikwa nyuma ya mlango wa paneli: 7 na 8 ni swichi ya mfuniko. Yaani ile swichi inayozuia krasha isizunguke mfuniko ukiwa wazi, mtu ameipiga jampa, ameiruka kwa waya.

Nikamuuliza kijana anayeiendesha. Akasema, "Fundi, mimi nimeikuta hivyo." Akanionyesha anavyozibua plastiki ikikwama: anazima, anasubiri kelele ziishe, anafungua mfuniko, anaingiza mkono.

Nikachukua chaki nikapiga mstari mmoja kwenye puli ya rota (ekseli nzito inayobeba visu), upande wa visu, siyo wa mota. Tukawasha, tukazima. Mngurumo uliisha upesi. Kikabaki kisauti cha upepo tu, na kwa kuwa jirani anachomelea na kompresa yake inalia, hukisikii hata ukitega sikio. Lakini kwenye puli ile chaki ilikuwa bado ni duara jeupe. Likaendelea kuwa duara. Baadaye likaanza kuchezacheza, likawa michirizi, mwisho kabisa ukaonekana mstari mmoja unapita, unapita, unasimama. Simu yangu ilisoma sekunde 52. Kijana alikuwa anafungua mfuniko kwenye sekunde ya 15 hivi. Aliniomba turudie. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa zaidi ya sekunde 50.

Sasa nianze na huyo aliyeweka jampa, maana ni rahisi kumtukana. Swichi iliyokuwepo ni ile ya kawaida yenye kijiti kinachobonyezwa na mfuniko. Ukisaga plastiki kuna vumbi laini linaingia kila mahali, na kijiti kile kilikuwa kinakwama. Mashine inazima katikati ya kazi, mfuniko umefungwa vizuri, hakuna anayejua kwa nini. Mara kumi kwa siku. Fundi kaitwa, bosi kasimama nyuma yake, oda inasubiriwa. Akaweka waya, mashine ikapiga kazi, akalipwa akaondoka. Nimeweka jampa za namna hiyo mimi mwenyewe nilipokuwa naanza kazi, na nilikuwa najiambia nitarudi kesho na swichi mpya. Sikurudi.

Na hata ingekuwa nzima, swichi ile ilikuwa haitoshi. Yenyewe inakata umeme mfuniko ukishafunguliwa, lakini rota ina uzito wake na visu vitaendelea karibu dakika nzima. Mkono haungoji dakika. Krasha kama hii inataka mfuniko usifunguke kabisa mpaka rota isimame. Tulichofanya ni hiki.

Tulitoa swichi ya kijiti tukaweka kufuli ya umeme ya mfuniko. Ina pini ya chuma inayoingia kwenye ulimi wa mfuniko. Hapa kuna jambo ambalo nawaomba mafundi wenzangu mlishike: kufuli hizi zipo za aina mbili. Moja inafungwa kwa umeme na kufunguliwa na springi, nyingine inafungwa na springi na kufunguliwa kwa umeme. Kwa krasha chukua ya pili. TANESCO wakikata umeme rota bado inazunguka, na ukiwa na aina ya kwanza mfuniko unalegea hapohapo, visu vikiwa kwenye mwendo. Ya pili inabaki imefunga hata mji mzima ukiwa giza.

Kufuli inajuaje kwamba rota imesimama? Njia ya bei nafuu ni taima: umezima, hesabu sekunde 90, fungua. Inasaidia, ila taima haioni rota, inahesabu tu. Kuna rilei, kidude cha umeme kinachoruhusu au kukataa, inayosoma ule umeme mdogo unaobaki kwenye mota ikiwa bado inazunguka. Ni nzuri, lakini kwenye krasha ya mikanda ina tundu: mkanda ukikatika, mota inasimama na rota inaendelea, na rilei itakuambia kumetulia. Sisi tulifunga sensa mbili upande wa rota zinazosoma vichwa vya bolti za puli. Sensa moja ikifa, nyingine inabaki, na rilei inaona kwamba hazikubaliani na inakataa kufungua.

Hilo la mbili mbili ndiyo moyo wa mambo yote haya. Saketi ya kawaida ina swichi moja, waya mmoja, kontakta moja (ile swichi kubwa ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota). Kontakta ikiganda (na zinaganda, hasa za bei ya chini zinazowashwa na kuzimwa siku nzima) unaweza kubonyeza kitufe chekundu mpaka kidole kiume na mota haisimami. Rilei ya usalama inapokea njia mbili kutoka kwenye swichi na inakata kontakta mbili zilizofuatana. Moja ikiganda, ya pili inakata. Halafu kila kontakta inarudisha taarifa kwenye rilei kupitia mguso wake mdogo: nimeachia, au sijaachia. Kama moja haijaachia, kesho ukibonyeza kuwasha mashine haiwaki. Ubovu unajulikana siku ya kwanza, wakati bado upo upande mmoja. Kampuni ya Pilz ya Ujerumani ilianza kuuza rilei ya namna hii mwaka 1987, kwa hiyo si teknolojia ya jana.

Gharama yote, pamoja na kazi yangu, haikufika bei ya pikipiki mpya. Kijana sasa anasubiri taa ya kijani ndipo kufuli inaachia. Siku ya kwanza alilalamika kwamba inachelewesha. Siku ya pili alikaa pale anakunywa chai akisubiri taa.

Naomba tujadiliane. Kwenye karakana zenu hali ikoje?

Mdau wa Soweto Moshi

Asante mkuu kwa uzi. Huku Moshi sisi wa mbao tuna msumeno wa duara wa benchi, mota ya three phase, tunawashia kwenye swichi kubwa ya mkono. Hakuna rilei, hakuna chochote. Kitufe chekundu kipo lakini sijui kimeunganishwa na nini. Nisaidie, nianzie wapi? Hela ya kufunga kila kitu kwa mara moja sina.

Bosi Mdogo

Mimi nina kiwanda kidogo na nitasema upande wetu. Nimenunua mashine zenye kila kitu, swichi za milango, vitufe, sensa. Wafanyakazi wenyewe ndio wanazitoa! Nimekuta sumaku ya spika imebandikwa na gundi kwenye sensa ya mlango. Nimekuta mpira wa tyubu ya baiskeli umefungia swichi ibaki imebonyea. Sasa hapo kosa la nani?

Fundi wa Kwa Mrombo

@Mdau wa Soweto, nitakujibu wewe kwa urefu, ila nianze na Bosi.

Mkuu, nakuelewa kabisa, na sumaku ya spika nimeikuta zaidi ya mara moja. Ila nina swali: uliwahi kumuuliza aliyeibandika kwa nini? Kwa nilivyoona mimi, mtu haruki swichi kwa kupenda. Anairuka kwa sababu kuna kazi lazima aifanye na mlango ukiwa wazi na hajapewa njia nyingine. Labda anarekebisha mkanda na lazima aone roli zinavyokwenda. Labda karatasi ya plastiki ya kufungashia inakwama na akifungua mlango kila mara anapoteza dakika tano kuwasha upya. Mtu kama huyo mpe njia halali: swichi ya ufunguo ya matengenezo, ambapo mlango ukiwa wazi mashine inakwenda polepole tu, tena kwa kushikilia kitufe, akiachia inasimama. Na hiyo sensa ya sumaku badilisha uweke yenye chipu, ile ambayo kipande cha mlangoni kina namba yake na sensa inaitambua hiyo peke yake. Sumaku ya spika haiidanganyi. Lakini ukibadilisha sensa bila kuondoa sababu, watatafuta ujanja mwingine, hata kung'oa kipande chote mlangoni na kukifunga kwa waya kwenye sensa.

MamaTunu

Naomba nichangie kidogo. Nilifanya kazi miaka minne kwenye mashine ya kugonga bati, vifuniko vya makopo. Ilikuwa na vitufe viwili, unabonyeza mkono wa kulia na wa kushoto ndipo inashuka. Wenzangu walikuwa wanachomeka kijiti cha mshikaki kwenye kitufe cha kushoto ili kibaki ndani, mkono mmoja uwe huru kupanga bati. Unafanya haraka, unafikisha hesabu ya siku. Dada tuliyekaa naye benchi moja alipoteza kidole cha kati na cha pete. Nilimshika mimi. Mpaka leo nikipika nikiona kijiti cha mshikaki nasimama kidogo.

Swali langu: ile mashine ilikuwa mbovu au ndivyo zilivyo?

Fundi wa Kwa Mrombo

Pole sana dada, na pole kwa huyo mwenzako.

Jibu: vitufe vilikuwepo lakini saketi ilikuwa mbovu tangu ilipofungwa. Vitufe viwili vilivyofungwa sawasawa vina masharti mawili. La kwanza, lazima vibonyezwe kwa pamoja, tofauti isizidi nusu sekunde. La pili, baada ya kila pigo lazima viachiwe vyote viwili kabla mashine haijakubali tena. Ukichomeka kijiti, mashine inafanya pigo moja kisha inagoma. Ile yenu ilikuwa vitufe viwili vimeunganishwa kwa waya mfululizo basi, kama swichi mbili za taa. Rilei maalumu ya vitufe viwili ni kidude kinachoenea kiganjani.

Na kwa kuwa umetaja mashine ya kugonga, niseme kuhusu pazia la mwanga, maana watu wananiuliza sana. Ni nguzo mbili, moja inatoa miali ya mwanga usioonekana, nyingine inapokea. Mkono ukikatiza, mashine inasimama. Watu wananunua wanaifunga karibu kabisa na kinywa cha mashine ili isichukue nafasi. Hiyo haifai. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855 kinahesabu mkono unakwenda milimita 2000 kwa sekunde. Tuseme pazia, rilei na breki ya mashine kwa jumla vinachukua sekunde 0.15 mpaka chuma kisimame. Mkono umeshatembea milimita 300. Ongeza nafasi ya vidole kupenya kati ya mwali na mwali kabla ya kuonekana: kwa pazia linaloona kitu cha milimita 30, ni 8 mara (30 toa 14), yaani 128. Jumla milimita 428. Pazia likae mbali kiasi hicho na sehemu ya hatari. Ukiliweka kwenye milimita 100, mkono utafika kabla chuma hakijasimama, na taa nyekundu ya pazia itawaka vizuri tu.

Halafu kuna mashine za zamani za gurudumu zito zenye klachi ya pini. Ukishaiachia haisimami katikati, lazima imalize mzunguko wote. Hiyo hata ufunge pazia la bei gani, umepoteza hela. Hapo ni kizuizi cha chuma, au vyombo vya kulishia bati ambavyo mkono hauingii kabisa.

Kilimo Kwanza Usa River

Haya mambo ya Ulaya fundi. Huku krasha zinatoka China mtumba, mchoro wenyewe umeandikwa Kichina, utaanzia wapi?

Fundi wa Kwa Mrombo

Kaka, krasha niliyoisimulia ni ya China. Na mchoro ulikuwa wa Kichina, namba za terminali ndizo nilizosoma. Mkono unaoingia ndani ni wa hapahapa.

@Mdau wa Soweto, samahani nimechelewa. Kwa hela kidogo, anza na kitu hiki: badala ya swichi ya mkono, weka kontakta yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima, ile inayojishikilia yenyewe. Sababu ni umeme wetu. Umeme ukikatika mkiwa katikati ya ubao, watu wanasahau kuzima swichi ya mkono. Mnakaa, mnapiga stori, mtu anaanza kufagia maranda chini ya msumeno, au anabadilisha blade. Umeme unarudi, msumeno unawaka wenyewe. Kontakta inayojishikilia inaachia umeme ukikatika, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kwangu mimi, hapa Tanzania, hicho ndicho kifaa cha kwanza kabla ya sensa yoyote.

Kitufe chekundu kipeleke kwenye waya wa koili ya hiyo kontakta (sumaku ya umeme inayoishikilia), na kiwe cha mguso unaofungua ukibonyezwa. Hivyo waya ukikatika au ukilegea mashine inasimama. Nimekuta vitufe vya dharura vilivyofungwa kinyume, waya umekatika miaka na hakuna anayejua. Na kiwe cha kujifunga: ukibonyeza kinabaki ndani mpaka ukizungushe, na kukizungusha tu kusiwashe mashine.

Cha tatu ni breki. Blade ya duara inazunguka muda mrefu baada ya kuzima. Zipo moduli zinazopeleka umeme wa DC kwenye mota na kuisimamisha ndani ya sekunde chache. Uingereza wanataka misumeno kama hiyo isimame ndani ya sekunde 10.

Mtaniuliza kuhusu ile misumeno ya Marekani inayojua kidole. SawStop, iliyobuniwa na Steve Gass mwaka 1999. Blade inapewa umeme mdogo sana, mwili wa mtu ukigusa umeme ule unabadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno, blade inasimama ndani ya milisekunde 5. Unabaki na mkwaruzo. Ni kitu kizuri kwelikweli. Lakini mbao mbichi zenye maji nazo zinapitisha umeme na zinaweza kuirusha breki, na kila ikirushwa unanunua kifaa kipya na mara nyingi blade nyingine. Kwa mbao mbichi mnazopasua, mngejikuta mnaizima kila siku. Kwenu kinga ya juu ya blade, kisu cha kutenganisha ubao nyuma yake na kijiti cha kusukumia vitafanya kazi kubwa zaidi.

Msomaji wa Sakina

Na sheria inasemaje? Ndugu yangu aliumia mkono mwezi wa tatu mwaka huu, bosi anamwambia ni uzembe wake mwenyewe.

Fundi wa Kwa Mrombo

Mimi si mwanasheria, nasema ninayoyajua. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, nao wana ofisi Arusha. Kuzungushia kinga sehemu hatari za mashine ni wajibu wa mwajiri. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya 2008. Mchango wake analipa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Ndugu yako asikae akibishana na bosi nani mzembe. Ajali inatakiwa itolewe taarifa ndani ya miezi 12, kwa hiyo aende na karatasi za hospitali mapema.

Bosi Mdogo

Fundi, nilikwenda kumuuliza yule wa sumaku. Kumbe karatasi ya lebo inakwama kila roli inapoisha na akifungua mlango mashine inapoteza kipimo, anaanza upya na anaharibu lebo mia. Sikuwahi kujua. Nitakutafuta kwa hiyo swichi ya ufunguo.

Mdau wa Soweto Moshi

Wakuu, nimerudi na majibu. Jana jioni nilitoa blade, nikawaacha wote wasimame mbali, nikawasha msumeno, nikaenda kushusha breka kubwa ukutani kama umeme umekatika. Nikangoja rota isimame. Nikapandisha breka.

Ukawaka wenyewe.

Mzee wangu alikuwa amesimama pale. Miaka yote hiyo umeme ukikatika yeye ndiye anayeinama chini ya ile benchi kutoa maranda. Tumefunga swichi kwa kufuli, ufunguo upo mfukoni kwangu. Kile kitufe chekundu nimekifungua pia: waya mbili zinaning'inia nyuma, hazijaunganishwa popote. Mota ni kilowati 5.5. Ninunue kontakta ya ukubwa gani?

Fundi wa Kwa Mrombo

Hongera kwa kutoa blade kwanza, mkuu. Kwa kilowati 5.5 ya three phase mota inakula kama ampea 11. Usichukue ya ampea 12 ya kubana, chukua ya 18, daraja AC-3 (la kuwasha na kuzima mota), koili ya volti 230, na ovalodi inayorekebishika inayofika 11. Soma kibao cha mota useti ovalodi kwa namba iliyoandikwa pale, siyo kwa kukisia. Soma na maandishi ya kontakta vizuri, kuna feki nyingi. Usiifunge peke yako, mimi nipo Moshi Jumamosi. Niwekee kiti karibu na hiyo benchi na chaki moja.